Kupanda Mlima Pamoja

Tangu tulipoanza kwenda milimani kwa kundi, twaulizwa swali moja kila mahali, sokoni, kisimani, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa: "Mnakwenda huko juu kutafuta nini?" Wanaouliza si wajinga. Kwetu Kasongo mtu akipanda kilima ana sababu yake: analo shamba huko, au ametega mitego, au anatafuta mbuzi aliyepotea, au anakwenda kumwona mgonjwa upande wa pili. Kupanda kwa ajili ya kupanda tu, kisha kushuka mikono mitupu, ni jambo geni. Mzee mmoja wa mtaa wetu alitucheka akasema: "Mimi nimepanda vilima hivyo vyote na mzigo kichwani. Ninyi mwaenda bure? Basi nilipeni mshahara, niwafundishe."

Leo twapenda kumjibu mzee huyo, na wote wanaouliza kama yeye. Jibu letu si la maneno mawili, basi twaomba mtuvumilie kidogo.

SISI NI NANI

Sisi ni watu wa parokia moja ya Kasongo, kama thelathini hivi. Wamo walimu wa shule, vijana wa kwaya, mafundi cherehani wawili, muuguzi mmoja, akina mama wa shamba, na wazee watatu ambao magoti yao hulalamika wakati wa kushuka. Wamo pia jirani zetu Waislamu, kwa kuwa Kasongo ni mji wa dini mbili tangu zamani, na mlima haumwulizi mtu anasali wapi. Hatuna kadi, hatuna vyeo, hatuna nguo za namna moja. Tuna daftari moja la majina, filimbi mbili, kamba ndefu, kisanduku cha dawa, na sufuria tatu.

Mara tatu au nne kwa mwaka twatoka alfajiri kwenda vilima vya karibu na kurudi jioni. Mara moja kwa mwaka twakwenda mbali zaidi, mpaka Kabambare, zaidi ya kilometa 100 kutoka kwetu, mahali ambapo nchi yaanza kuinuka kuelekea milima inayotutenga na Fizi na ziwa la Tanganyika. Wenye ramani huiita milima ya Mitumba. Huko Wakristo wa Kabambare hutupokea, tukala nao, tukalala kwao, kisha twapanda pamoja nao.

MIGUU YA MANIEMA

Ili mpate kuelewa kwa nini jambo hili ni geni, yafaa tukumbuke jinsi nchi yetu ilivyotembewa. Njia kuu ya misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikapanda milima, ikashuka Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kwa njia hiyo zilikuja nguo na shanga na bunduki. Kwa njia hiyo zilikwenda pembe za ndovu, na watu waliofungwa shingo. Mpagazi alichukua kama frasila mbili, ndizo karibu kilo 32, mwezi baada ya mwezi. Hata mchele tunaoupenda sana Kasongo ulikuja kwa njia hiyo. Hata Kiswahili mnachosoma katika ukurasa huu kilikuja kwetu kwa miguu.

Mskoti David Livingstone naye alipita hapo. Alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Mwaka 1870 donda ndugu zilimshika miguuni, akakaa ndani ya nyumba siku 80, tangu tarehe 22 Julai mpaka tarehe 10 Oktoba, pasipo kuweza kutembea. Watu wake wengi walikuwa wamemwacha. Waliobaki naye ni Susi, Chuma na Gardner. Mtu aliyekwisha kutembea nusu ya Afrika alizuiwa na miguu yake mwenyewe, na aliokoka kwa kuwa wenzake watatu walikubali kungoja. Jambo hili twalikumbuka sana katika kundi letu, kama mtakavyoona.

Baadaye wakaja Wabelgiji. Askari wa Dhanis waliteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare ikatekwa mwaka 1894. Misafara ya Waungwana ikaisha, lakini mizigo haikuisha. Watu walichukua mpira, walichukua masanduku ya serikali, walimchukua Mzungu katika tipoi. Katika vita vya kwanza vya dunia wapagazi wa Kongo, maelfu kwa maelfu, walifuata jeshi mpaka Tabora, uliotekwa Septemba 1916, na wengi hawakurudi kwao.

Ukafika mwaka 1964 na maasi ya Wasimba, na watu wakakimbilia porini. Zikafika vita za 1996, na za 1998 mpaka 2003, na watu wakakimbilia porini tena. Na baada ya hapo, katika sehemu za Kabambare na Salamabila, wenye silaha wamewahamisha watu mara nyingi. Katika parokia zetu ni nadra kuona familia ambayo haina mtu aliyelala chini ya miti kwa hofu.

Angalieni basi. Mtumwa alitembea akiwa amefungwa, mpagazi akiwa ametwikwa, mkimbizi akiwa ametishwa. Wote watatu walipita katika milima hii, na hakuna kati yao aliyeiona. Mwenye mzigo kichwani hutazama mahali pa kuweka mguu. Mwenye hofu hutazama nyuma. Ndiyo sababu mzee wetu alitucheka: kwake yeye, kupanda mlima ni jina jingine la taabu. Hatumlaumu. Lakini twauliza: je, watoto wetu nao warithi milima hii kama mahali pa taabu tu?

WAKATI WAKE

Huko Ulaya watu wa milima hungojea theluji iyeyuke na maua yachanue, ndipo vyama vyao vya kutembea hutoka. Sisi hatuna theluji, lakini majira ya namna hiyo tunayo. Kiangazi chetu ni kama mwezi wa Juni mpaka Agosti. Wakati huo nyasi hukauka, moto wa porini hupita kila mahali, na moshi hufunika nchi hata jua laonekana jekundu kama chungu kipya. Ukipanda kilima mwezi wa Julai huoni kitu mbele ila ukungu wa moshi. Na ukingoja mpaka Desemba, nyasi zimekua zikampita mtu mrefu, mito imejaa, njia ni utelezi mtupu.

Lakini baina ya hayo mawili, katika Septemba, mna majuma machache ya neema. Mvua za kwanza zimeosha anga. Mahali palipoungua pametoka majani mapya, mafupi, laini, ya kijani inayometameta. Miti ya miombo yavaa majani machanga yenye rangi ya shaba, hata mtu angedhani ni maua. Kumbikumbi waruka jioni, na watoto wawakimbilia na mabeseni. Uyoga watokeza chini ya miti, na akina mama wa kundi letu hawawezi kupita pasipo kuinama. Njia yaonekana, mito yavukika, na macho yaenda mbali. Basi hapo ndipo sisi hutoka.

DESTURI ZETU

Wengi wametuomba tuwaeleze namna tunavyofanya, ili nao waanze katika parokia zao. Desturi zetu ni chache.

Kwanza, ruhusa. Hatupandi mlima wowote pasipo kufika kwa sultani wa mahali na kumwuliza hali ya njia. Akisema njia hii ni mbaya, hatuulizi mara ya pili. Twamwomba pia mtu wa kutuongoza, mwindaji au mkulima wa hapo hapo. Twamwita kirongozi, kama wazee wa misafara walivyomwita yule aliyetangulia. Huyo ana neno la mwisho mlimani, hata akiwa kijana na sisi tu walimu wake.

Pili, mwendo. Yule aendaye polepole kuliko wote ndiye anayewekwa mbele, mara tu nyuma ya kirongozi. Wenye nguvu hukaa nyuma. Desturi hii iliwaudhi sana vijana hapo mwanzo. Lakini fikirini: mchovu akiwekwa nyuma, kundi humwacha, kisha humngoja, naye akifika anahema, wao wamekwisha kupumzika, wainuka kwenda. Hivyo mwenye nguvu apumzika mara kumi, na mchovu hapumziki hata mara moja. Akiwekwa mbele, kundi lote laenda kwa pumzi yake, na hakuna anayepotea.

Tatu, hesabu. Mtu wa mwisho twamwita mkia, naye ana filimbi. Kila tukivuka mto, kila tukiinuka baada ya kupumzika, twahesabiana kwa sauti. Filimbi moja ni "simameni", mbili ni "njooni", tatu ni "hatari". Msitegemee simu, maana ukiingia katika mabonde ya Kabambare mara nyingi haishiki kitu.

Nne, miguu. Kumbukeni siku 80 za Livingstone. Msivae viatu vipya siku ya safari, bali vile vilivyokwisha kuzoea mguu. Kateni kucha siku moja kabla. Mkisikia mahali panawaka, semeni mara moja, msione haya. Muuguzi atafunga kitambaa kabla ya lengelenge kutokea. Jioni osheni miguu, ikausheni vizuri, na kila mkwaruzo utiwe dawa hata ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Katika nchi yetu ya joto na unyevu, donda kubwa huanzia hapo.

Tano, radi. Mvua za Septemba zaja na umeme. Mkiona umeme, hesabuni polepole mpaka ngurumo isikike, kila hesabu sekunde moja. Hesabu tatu ni kama kilometa moja. Ikiwa ngurumo imefika kabla ya hesabu thelathini, mkae mkijua kwamba radi yaweza kuwafikia. Shukeni upesi kutoka mgongo wa mlima, msikimbilie chini ya mti ulio peke yake, msikusanyike pamoja. Kila mtu achutame mbali kidogo na mwenziwe, miguu yake ikiwa imekaribiana.

Sita, chakula. Kila mmoja hubeba maji yake na chakula chake: wali uliofungwa katika majani ya mgomba, karanga, mihogo, ndizi mbivu. Lakini wakati wa kula vyote huwekwa pamoja juu ya kitambaa kimoja. Asiyekuwa na kitu hajulikani, na hakuna amwulizaye.

SAFARI YA SEPTEMBA

Sasa tuwasimulie safari moja, ile ya Septemba iliyopita upande wa mashariki ya Kabambare.

Tulikuwa watu 41 pamoja na wenyeji. Sultani alitukataza njia moja akatupa nyingine, na kirongozi wetu alikuwa mwindaji wa Kibangubangu, mtu wa maneno machache. Tulisali, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, nyota zingali zaonekana. Mbele kabisa aliwekwa Mama mmoja, mjane wa miaka kama sitini, mtu wa asili ya huko ambaye amekaa Kasongo tangu wakati wa vita. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuja. Hakueleza sababu, nasi hatukuuliza.

Tulivuka vijito viwili juu ya magogo, tukaingia katika miombo. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na majani machanga yaliangaza jua lilipotoka. Vijana waliimba nyuma. Mama alikwenda kwa hatua fupi fupi, fimbo mkononi, kikapu mgongoni, nasi sote 40 tulikwenda kwa hatua zake.

Tulipopumzika mara ya tatu, kama saa nne, kirongozi alitazama upande wa ziwa akanyamaza. Mawingu yalikuwa yakipanda huko, meusi chini, meupe juu. Mwalimu mmoja akamwuliza: "Mpaka kileleni ni mwendo gani?" Akajibu: "Kwa vijana, saa moja. Kwa Mama, saa mbili. Mvua itafika baada ya saa moja na nusu."

Wasomaji, hesabu hiyo ilikuwa nyepesi, na kila mtu aliifanya kichwani mwake. Ndipo maneno yakaanza. Vijana wakasema: "Sisi tukimbie tufike juu, turudi. Mama abaki hapa na watu wawili." Wengine wakasema hapana, desturi ni desturi. Wengine wakasema desturi imewekwa kwa ajili ya watu, wala watu hawakuwekwa kwa ajili ya desturi. Na jambo hilo lilikuwa gumu kulijibu. Vijana hao walikuwa wamesafiri siku mbili katika lori bovu ili wafike kilele kile. Mama naye akasema: "Waacheni waende, wanangu hawa. Mimi nitangoja, nimezoea kungoja."

Neno lile la mwisho lilitunyamazisha. Kirongozi akainuka. Akasema: "Mlima huu nimeona watu wakigawanyika juu yake. Wengine hawakuonana tena. Sigawi watu hapa." Akashika njia nyembamba kando, akatupeleka mahali palipo wazi ubavuni mwa mlima, penye miamba mipana, chini ya mgongo wa mlima, mahali ambapo tungeweza kushuka upesi. "Hapa ndipo mwisho wetu leo," akasema. "Tazameni, kisha tushuke."

Tukatazama. Mvua ya juma lililotangulia ilikuwa imeosha anga yote. Chini yetu bonde la Luama lilikuwa limelala kama mkeka uliotandikwa, na mto waonekana hapa na pale, ukielekea magharibi kwenda kuingia Lualaba juu ya Kasongo. Moshi wa vijiji ulipanda wima. Palikuwa na mashamba mapya, palikuwa na mistari ya miti kando ya vijito, na nchi ikaendelea hivyo mpaka macho yakachoka. Vijana, hata wale walionuna, walianza kubishana: kile ni kijiji gani, na ile njia nyekundu yakwenda wapi.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akauliza: "Mto ule ni upi?" Wakamwambia: "Ni Luama, Mama." Akakaa kimya. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu asemaye habari za shamba: "Tulipita hapa usiku, katika vita ile ya 1998. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, na mama yangu nimemshika mkono. Sikuona mlima. Niliona mgongo wa mtu aliyenitangulia, nilishika nguo yake nisipotee. Mama yangu alifia mbele kidogo, tulipofika chini. Miaka hii yote nikisikia watu wakisema 'milima ya Kabambare', naona giza tu." Akatazama tena bonde. "Kumbe ni nchi nzuri hivi."

Hakuna aliyesema neno. Muuguzi alimkalia karibu. Baadaye mzee mmoja akaanzisha sala ya marehemu, nasi tukaitikia. Na jirani zetu Waislamu wakainua mikono yao wakamwombea kwa namna yao. Kisha ngurumo ikasikika, kirongozi akahesabu, akasema "Twende." Mvua ilitukuta tumekwisha kuingia bondeni, ikatulowesha mpaka mifupani, lakini tulihesabiana 41 kwenye kijito cha kwanza, na 41 kwenye cha pili. Kijana aliyenung'unika kuliko wote ndiye aliyechukua kikapu cha Mama mpaka kijijini, wala hakuna aliyemwagiza.

Kileleni hatukufika. Mpaka leo vijana hutukumbusha jambo hilo, na Mungu akipenda tutarudi.

KANISA NA MILIMA

Wengine wametuambia: "Hayo ni mambo ya Wazungu na ya michezo, si mambo ya Wakristo wa parokia." Kuhusu michezo, tuwakumbushe watu wawili.

Padre Achille Ratti wa Milano alikuwa mtu wa vitabu, akitunza maktaba. Lakini kila alipopata nafasi alikwenda milimani. Mwaka 1889 yeye na wenzake walipanda Monte Rosa, mlima wenye meta 4634, kwa upande mgumu sana, na giza likawakuta karibu na kilele. Wakakesha usiku kucha juu ya mwamba katika baridi kali, wakiamshana wasilale. Mwaka 1922 padre huyo alichaguliwa kuwa Papa Pius XI, na mwaka 1923 akamtangaza Mtakatifu Bernardo, yule aliyewajengea wasafiri nyumba ya kupokelewa katika njia za Alpi, kuwa msimamizi wa watu wa milimani.

Wa pili ni Pier Giorgio Frassati wa Torino, kijana wa familia tajiri, aliyetoa nauli yake kwa maskini akarudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa na kundi la marafiki, wavulana na wasichana, waliokwenda milimani pamoja wakisali na kucheka. Alikufa mwaka 1925, umri wake miaka 24. Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Hatusemi kwamba kupanda mlima humfanya mtu kuwa mtakatifu. Wala vilima vyetu si Monte Rosa. Si Ruwenzori yenye meta 5109, wala Nyiragongo, ule uliotapika moto juu ya watu wa Goma mwaka 2002 na tena 2021. Twasema tu kwamba watu hawa wawili walipenda milima pamoja na wenzao, na hawakuona kwamba walikuwa wakiiba wakati wa Mungu.

MAJIBU MAFUPI

Kwa wasemao kwamba twapoteza wakati wa kazi: safari nne au tano kwa mwaka si nyingi. Bia ya Jumapili hula siku nyingi zaidi.

Kwa wasemao kwamba jambo hili si la wanawake: mwanamke wa Maniema hubeba kuni, maji na mtoto kwa safari moja. Kama ana nguvu za kutosha kwa mzigo, anazo za kutosha kwa kutembea bila mzigo.

Kwa wasemao kwamba kuna hatari: hao wana haki, na twawasikiliza. Nchi haijatulia kila mahali. Mwaka mmoja tulikwisha kufunga vyakula vyetu, sultani akatuletea habari mbaya za njia, tukafungua vyakula tukala uani kwa parokia. Hakuna kilele kinachostahili uhai wa mtu. Lakini kuogopa njia mbaya ni kitu kimoja, na kuiachia hofu nchi nzima ni kitu kingine. Mahali ambapo amani imerudi, yafaa watu warudi pia, mchana, wakiimba, wamehesabiwa, na ruhusa mkononi. Mtu hulinda anachokipenda, na ni vigumu kukipenda kitu usichokiona.

Basi, mzee wetu mpendwa, hili ndilo jibu. Hatuendi juu kutafuta dhahabu wala nyama. Twakwenda ili nchi hii, ambayo babu zetu waliipita na mzigo na mama zetu waliipita gizani, ionekane kwa macho ya watu wasiokimbia. Na kwa sababu wewe wazijua njia zote hizo, na magoti yako bado yana nguvu kuliko unavyosema, twakuomba uje nasi mwezi wa Septemba. Mshahara hatuna. Lakini utatembea mbele, na mzigo wako tutaubeba sisi.

Nanyi wasomaji wa parokia nyingine, Kibombo, Kindu, Kongolo, Fizi, kusanyeni watu kumi, tafuteni kirongozi mwema na kilima cha karibu, mwombe ruhusa, mwende. Mkipita Kasongo katika mvua za kwanza, ulizeni kanisani habari za watu wenye filimbi mbili na sufuria tatu. Mtapata nafasi katika mstari.